Sajini Aliyetufundisha Uafisa

Sauti yake ilifika kabla yake. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba, ulisikia kwanza "Mguu sawa!" na baadaye sana ndipo ukaona kofia, halafu masharubu, halafu yeye mwenyewe, mtu mfupi kuliko ulivyotegemea. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa juu kidogo ya Karatu, upande unaoelekea msitu wa Ngorongoro, na majirani zetu walikuwa Wairaqw waliolima kwa maksai. Mmoja wao alikuja kulalamika kwa Mkuu wa Chuo. Alisema kila Sajini anapoamuru "Simama!" ng'ombe wake wanasimama katikati ya shamba, na wakishasimama hawaondoki kwa fimbo wala kwa maneno mazuri. Sajini aliitwa. Alisikiliza malalamiko yote akiwa amekakamaa, akauliza wale ng'ombe wamefunzwa kwa muda gani, kisha akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba wanafunzi wa chuo bado hawajafikia hapo.

Huyo ndiye aliyepewa kazi ya kutufanya maafisa wa jeshi. Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Wakubwa fulani walikuwa wamekaa mahali fulani wakaamua kwamba mwalimu mmoja anaweza kuwa watu wawili: asubuhi ajifunze kufundisha hesabu na Kiswahili, mchana ajifunze kuongoza platuni, askari thelathini hivi. Ukimaliza chuo unapata cheti, na baada ya kozi fupi unapata nyota moja begani. Tuliojiandikisha tuliitwa maafisa wanafunzi. Mimi nilijiandikisha kwa sababu maafisa wanafunzi walipewa buti, na baridi ya kule inaingia mpaka kwenye mifupa. Tluway, ambaye baadaye alinioa, alijiandikisha kwa sababu aliamini.

Sajini mwenyewe hakuwa afisa. Kwa utaratibu wa jeshi, siku ambayo tungevaa nyota ingempasa atupigie saluti. Alilijua hilo, na nadhani ndiyo maana hakutaka tuwe maafisa wa ovyo. Alituita "bwana afisa" sisi sote, wasichana kwa wavulana. Niliwahi kumwambia kwa adabu kwamba mimi ni msichana. Alinitazama kwa makini, kama mtu anayekagua bunduki, akasema, "Nimeona, bwana afisa. Rudi kwenye mstari."

Bunduki zenyewe zilikuwa za mbao. Zilichongwa na seremala wa chuo, aliyezoea kutengeneza madawati, kwa hiyo zilikuwa imara sana na nzito, na ungeweza kuzikalia. Tuliahidiwa za kweli. Kila muhula Sajini alitutangazia kwamba za kweli ziko njiani, na alitangaza kwa uhakika kiasi kwamba tulikuwa tunatazama barabara ya Makuyuni, inayotoka Arusha. Wakati tukisubiri, tulijifunza kulenga, kupumua, kufumba jicho na kufyatua. Mlio tuliutoa wenyewe kwa mdomo. Asiyetoa mlio vizuri alirudia.

Uafisa, kwa maoni yake, ulianzia mezani. Zamani, katika kambi fulani, alikuwa amepangiwa kulinda mlango wa bwalo la maafisa, na kwa kipindi hicho chote alitazama ndani kila mlango ulipofunguliwa. Alichokiona alikihifadhi kichwani kama mali. Basi kila Ijumaa tulikuwa na "karamu ya maafisa" katika darasa la sayansi: ugali, maharage, na kisu kimoja na uma mmoja vilivyoazimwa kwa Mkuu wa Chuo. Vilipita mezani kwa zamu. Ukifikiwa unakata tonge la ugali kwa kisu, unalichoma kwa uma, unalichovya kwenye mchuzi bila kulidondosha, unalila ukitazama mbele. Aliyedondosha alisimama nje kwenye ukungu. Mwishoni tuliinua vikombe vya uji kwa heshima ya taifa. Tluway alimuuliza siku moja maafisa huwa wanazungumza nini wakiwa mezani. Sajini alifikiri kwa muda mrefu.

"Sijui," alisema. "Mlango ulikuwa unafungwa."

Hakuwa mtu wa kukubali kwamba jambo limeharibika. Siku moja alitupeleka kwenye zoezi la kusoma ramani, tukapanda kupitia msituni mpaka kwenye ukingo wa kreta. Ramani aliyopewa na ofisi ilikuwa ya sehemu ya pwani, kusini kabisa mwa nchi. Tulipomwonyesha, alisema ramani ni ramani, na afisa anayechagua ramani hatashinda vita yoyote. Pale juu, kreta ilikuwa imejaa ukungu mweupe, huoni chini wala ng'ambo. Sajini aliinyoosha ramani, akaielekeza huko, akasema, "Tuseme hapa ndipo bahari ilipo." Na kweli ilifanana. Tulitembea mchana kutwa tukiifuata pwani hiyo, mpaka tukatokea nyuma ya hoteli ya watalii, kwenye bustani, wazungu wakinywa chai. Walisimama na kamera zao. Tulikuwa tumejaa matope, tumepaka masizi usoni, tumebeba bunduki za seremala. Mhudumu mmoja, kijana wa Karatu aliyetufahamu, alituuliza kwa Kiiraqw kama tumepotea. Sajini alidai atafsiriwe, akajibu kwa Kiswahili cha amri kwamba jeshi halipotei, jeshi linapeleleza. Kisha akatupanga mistari, tukapita katikati ya meza kwa gwaride safi, huku watalii wakipiga makofi. Njiani kurudi alituambia kwamba hoteli ile, kimsingi, tumeiteka.

Katika safari ile ile ya kurudi tulikutana na nyati. Alikuwa mmoja tu, mzee, amesimama njiani akitutazama kama mtu anayetaka kuulizia jambo. Kwa muda wote tuliokuwa naye Sajini alitufundisha kwamba afisa harudi nyuma. Sasa sikumwona akirudi nyuma. Nilimwona tayari yuko juu ya mti. Sisi tulifuata, kila mtu na mti wake, na kutoka huko juu sauti yake iliendelea kutoa amri kama kawaida: seksheni ya kwanza tulieni, seksheni ya pili pandeni zaidi. Tluway, kutoka mti wa pili, aliuliza kama amri inayotolewa mtini ina uzito sawa na ya ardhini. Sajini alisema amri haina urefu. Nyati alichoka nasi, akaondoka. Wiki iliyofuata tulisikia kwamba taarifa iliyokwenda makao makuu ilisema mafunzo ya kukwea yamekwenda vizuri.

Taarifa zake zote zilisema hivyo. Kulenga shabaha: maendeleo mazuri. Ramani: maendeleo mazuri. Tulizifahamu kwa sababu karani wa Mkuu ndiye aliyezipiga chapa, na karani hakuwa na kifua cha siri. Nasi tulizipenda. Mtu akiandikwa vizuri mara nyingi, huanza kujiona kweli ni mzuri.

Kitu ambacho hakuna aliyekitegemea ni kwamba alianza kuupenda ualimu. Alikuja madarasani asubuhi, akakaa nyuma, eti kuhakikisha maafisa wake hawasinzii. Baada ya muda akaanza kunyoosha mkono. Mkufunzi wa mbinu za kufundishia alimheshimu, akawa anamwita, na Sajini alisimama kwa kishindo na kujibu kana kwamba anaripoti kuhusu adui. Mchana maneno ya darasani tukaanza kuyasikia uwanjani. "Somo la leo ni kutambaa. Lengo mahususi: ifikapo mwisho wa kipindi, bwana afisa aweze kutambaa. Nani atatukumbusha tulichojifunza jana?" Alitengeneza hata zana za kufundishia, adui wa magunia aliyejazwa majani ya mahindi, ambaye mbuzi wa jirani walimla kabla hatujamshambulia.

Wakati huohuo sisi tulikuwa tunaharibika upande wa pili. Tulipopelekwa shule za msingi za jirani kwa mazoezi ya kufundisha, Tluway aliwasimamisha watoto wa darasa la kwanza mguu sawa mpaka mmoja akaanguka kwa usingizi. Mimi nilijikuta nikimwita mtoto wa kike wa miaka saba bwana afisa. Mkufunzi aliyekuja kutukagua alisema kwamba katika kipindi kizima mwalimu pekee aliyemwona ni yule mwanajeshi aliyekaa nyuma.

Nyumbani kwa Sajini tulikwenda wakati wa palizi. Aliliita zoezi la medani. Tulitakiwa kuingia kwenye shamba lake la mahindi kwa mistari, tukiwa tumeinama, na kuondoa "vikwazo vya adui" kwa jembe. Mke wake, Mama Paulina, alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiye na haja ya kupaza sauti. Alitupokea kwa uji na viazi, akatutazama tulivyoinama tukinyemelea magugu, akasema, "Wanangu, nyookeni. Hayo ni magugu tu, na mume wangu ni mvivu." Sajini alikuwa amesimama palepale. Alichukua jembe, akaingia mstarini pamoja nasi, akalima vizuri kuliko sisi sote. Mama Paulina ndiye aliyetuambia siku hiyo, huku akitumiminia uji, kwamba mumewe alikuwa ameahidiwa cheo. Mpango wa maafisa wanafunzi ukikaguliwa na kuonekana umefaulu, angepandishwa mpaka uafisa, jambo ambalo ni nadra kwa sajini wa umri wake. Alisema anaomba asikipate, kwa sababu atashindwa kulala. Kisha akacheka, akasema sasa hivi pia halali.

Vita ilipozuka huko mpakani na Uganda, redio ya bwalo haikuzimwa tena. Tuliimba tukienda darasani, tukaimba tukirudi. Siwezi kusema nilikuwa na hofu. Tulikuwa vijana, tulikuwa tumeandikwa vizuri kwa muda mrefu, na tulikuwa na buti. Tluway ndiye aliyekuwa bora kati yetu, kila mtu alijua: sauti nzuri, gwaride zuri, uma na kisu bila kudondosha tonge. Alimwandikia baba yake kule Mbulu kwamba atapita kumuaga akiwa luteni usu, na mzee akachinja dume kabla hata ya jibu lolote kutoka jeshini.

Kanali alikuja kwa Landrova kutoka Arusha. Alikuwa mwembamba, mchovu, macho mekundu kwa vumbi au kwa kukosa usingizi. Tulimfanyia gwaride ambalo sitalisahau. Ukungu uliondoka kwa wakati, mistari ilinyooka, hata maksai wa jirani walisimama. Mkuu wa Chuo alikuwa anatabasamu kabla hajaambiwa lolote. Sajini alipiga saluti, akaripoti, akasubiri. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, karibu kiasi cha kuona jasho likishuka kwenye masharubu yake.

Kanali hakusifia gwaride. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia njia: "Sajini, ni nani hapa ninayeweza kumkabidhi askari thelathini kesho, na nikalala?"

Nilimwona Tluway akitunisha kifua.

"Hakuna, afande."

Mkuu wa Chuo alikohoa. Kanali alidhani hakusikia vizuri, akauliza: hata mmoja?

"Hata mmoja, afande. Wanajua gwaride. Hawajawahi kupiga risasi. Ramani waliyosoma ni ya kwingine. Mimi mwenyewe sijaongoza platuni."

"Taarifa zako zinasema maendeleo mazuri."

"Nilidanganya, afande."

Alisema hivyo kwa sauti ileile ya uwanjani, kwa sababu hakuwa na nyingine, na shamba zima la jirani lilisikia. Kanali alimtazama kwa muda, akatazama mbao tulizobeba begani, akarudi kwenye gari bila kunywa chai iliyoandaliwa. Mpango ulifungwa. Sajini hakupata cheo. Alirudishwa Arusha, tulisikia, kuhesabu mablanketi katika stoo. Siku ya kuondoka alipanda nyuma ya lori pamoja na Mama Paulina na magunia ya mahindi, na sisi maafisa wanafunzi tulijipanga barabarani tukamgeuzia migongo. Tulifanya hivyo kwa amri ya Tluway, nyuma geuka, kwa mpigo mmoja. Lilikuwa tendo letu la kijeshi lililokwenda vizuri kuliko yote. Nilisikia lori likipita nyuma yangu. Mama Paulina alisema, "Kwaherini, wanangu," nasi hatukuitika.

Tluway hakusubiri cheti. Alishuka Arusha, akajiandikisha kama askari wa kawaida, akaenda vitani. Alirudi na mguu wa kushoto usiokunjika. Tulioana, tukamaliza ualimu, tukapangiwa shule ya Endulen, huko ndani ya hifadhi, ambako ng'ombe ni wengi kuliko madawati na kulima ni marufuku. Alikuwa mwalimu mzuri. Hakumsimamisha mtoto yeyote mguu sawa tena.

Lakini alikuwa na hadithi moja tu ya vita, na aliisimulia kila siku, mezani, njiani, wakati nasahihisha madaftari. Luteni wao alikuwa kijana wa chuo kingine, afisa mwanafunzi kama sisi, aliyepitishwa na sajini wake. Kijana mwenye adabu, buti zinang'aa. Waliambiwa wavuke bonde, naye akawavusha katikati, mahali peupe, kwa mistari iliyonyooka. Waliofika ng'ambo walikuwa wachache, na luteni hakuwa mmoja wao. "Upande wa kulia kulikuwa na migomba," Tluway alimalizia kila mara. "Mimi ningewapitisha kwenye migomba. Sajini angesema jina langu siku ile, wale wangekuwa hai." Mwanzoni nilimfariji. Baadaye nilijifunza kunyamaza. Kuishi na mtu anayevuka bonde moja kila siku ni kazi, na niliiona ikimla mwili.

Miaka ya themanini ilikuwa imeshaanza niliposhuka Karatu kufuata chaki, nikamkuta Sajini. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mbegu za viazi, akisubiri gari la Mbulu. Jeshi lilikuwa limeshamstaafisha. Masharubu yalikuwa meupe na sauti imeshuka. Nilipomsalimia ilibidi niiname nimsikie. Alinikumbuka upesi. Aliniuliza kama buti zile zilidumu.

Nilikaa karibu naye, nikamshukuru. Nilikuwa nimepanga maneno hayo kwa miaka: kwamba alitoa cheo chake ili atuokoe, na sisi tukamgeuzia migongo. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Sikuwaokoa, mama mwalimu. Mlikuwa wabovu kweli," alisema. "Miaka yote waliniuliza mko wangapi. Yule alikuwa wa kwanza kuniuliza kama mnaweza. Nilishindwa kumdanganya mtu aliyeuliza vizuri."

Nilimuuliza kama anajutia nyota. Alisema anajuta sana, mpaka leo, na kwamba Mama Paulina hataki kulisikia. Kisha akaulizia habari za Tluway, nami nikamwambia yote. Niliijua ile hadithi neno kwa neno. Alisikiliza huku akinikatiza kwa maswali: bonde lilikuwa na upana gani, migomba ilianzia wapi, luteni alikuwa na dakika ngapi za kuamua. Nilipofika kwenye maneno ya upande wa kulia, kwamba Tluway angewapitisha huko, aliinua mkono.

"Hiyo migomba aliiona lini? Akiwa pale, au baadaye?"

Nilikiri kwamba sijui. Nadhani baadaye, akiwa hospitali.

"Baadaye hata mimi ni jenerali," alisema Sajini. Alitazama buti zake, za kiraia, zimeisha kisigino. "Mwambie hivi. Ningesema jina lake siku ile, angewapitisha katikati, palepale, kwa mistari iliyonyooka. Gwaride lake lilikuwa zuri kuliko la yule. Mimi ndiye niliyemfundisha, na mimi sikujua njia nyingine. Mwambie nimesema hivyo mimi, na kwamba hii siyo taarifa ya makao makuu."

Gari la Mbulu lilifika limejaa. Utingo alimwonyesha juu, kwenye mizigo. Nilitaka kumsaidia kupanda, akaukataa mkono wangu, akasaidiwa na abiria wengine. Hakugeuka kuniaga, alikuwa anagombana na mtu aliyekalia gunia lake.

Nilifika Endulen jioni. Tluway alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha mbele. Nilimweleza kabla sijatua chaki, maneno yote kama yalivyosemwa, hata lile la wabovu. Alikasirika kwanza. Akasema yule mzee alikuwa mwoga tangu zamani. Akaniomba nirudie ile sehemu ya migomba aliiona lini. Nikarudia. Alikaa hivyo, akitazama Wamasai wakiingiza ng'ombe bomani kule mteremkoni, mpaka ng'ombe wote wakamaliza kuingia.

"Nilikuwa hospitali," alisema. "Nesi alikuwa ananilisha ndizi."

Bonde halikuisha nyumbani kwetu. Bado analivuka. Lakini siku hizi akifika kwenye migomba husimama, hunitazama, na kusema, "Baadaye hata mimi ni jenerali," kisha ananiomba chai.